Mdogo wangu aliwahiwa, kazi ikaanza tuliporudi nyumbani

Naandika hii kwa familia ambayo saa hizi ipo wodini, au imeruhusiwa jana na mgonjwa aliyetaka kujiua akawahiwa. Mdogo wangu naye aliwahiwa hivyo. Alichofanya na alivyofanya sitasema, hakuna anayehitaji kujua hilo, na dogo mwenyewe kaisoma hii kabla sijaituma, akafuta sehemu mbili akasema hizo zingine ziache. Tupo Tanzania, kwa hiyo mambo ya polisi na fomu yao ya PF3 nitakayoyasema ni ya huku kwetu.

Watu walituuliza sana "ina maana hamkuona dalili?" Kuziona tuliziona, ila kila mtu alikuwa na kipande chake na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mama alijua kwamba dogo alimpelekea kadi ya pikipiki na kitambulisho cha NIDA akamwambia "nitunzie mama, kazi hizi za barabarani hazina uhakika". Mke wangu alijua kwamba akija kwetu hamalizi chakula na anakesha sebuleni na simu mkononi. Washikaji zake kijiweni walijua alikuwa na kauli ya "mtapumzika na mimi karibuni", wakicheka naye. Mimi nilijua ana madeni. Ukiviweka hivyo vyote kwenye meza moja hata mtoto angeona kuna kitu, tatizo meza yenyewe haikuwepo. Kwa hiyo kama una ndugu na kuna kitu kinakukera kumhusu, piga simu kwa mwingine anayemjua uliza "na wewe umeona nini?" Hiyo simu ni ya dakika tano tu.

Madeni yalianza kawaida kabisa. Injini ya pikipiki ilikufa, akakopa kwa mama mmoja wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, rejesho la kila siku, siku moja hakupata abiria wa kutosha akakopa kwenye apu ili alipe rejesho, halafu apu ya pili kulipa ya kwanza, kutoboa tundu jipya ili uzibe la zamani. Wasioijua hiyo mikopo ya apu niwaambie, ukiipakua inachukua namba zote za kwenye simu yako, ukichelewa kulipa wanatuma meseji kwa mkweo, kwa mchungaji, kwa mwalimu wako wa sekondari, kwamba wewe ni tapeli. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni na ikasema yafungiwe, sisi kwetu maji yalishamwagika. Na juu ya hayo alikuwa anabeti, mkeka asubuhi mkeka jioni, akiamini mmoja ukitiki anamaliza kila kitu.

Lakini nisikudanganye kwamba ni madeni tu. Polisi alitaka sababu, mjomba akataka sababu, majirani nao, na wote walitaka moja inayoeleweka. Alikuwa ameachana na mama mtoto wake. Alikuwa halali miezi. Alikuwa anakunywa ili alale. Na huko nyuma, akiwa form three, alishawahi kupitia kipindi cha kujifungia ndani ambacho sisi tulikiita uvivu na baba alimchapa kwa ajili yake. Daktari alituambia mkitafuta sababu moja mtaishia kumtafuta mtu mmoja wa kumlaumu, na kweli, wiki ile ile mama mtoto alitukanwa na mashangazi kwenye simu mpaka akazima laini.

Hospitali sasa. Tulipofika mapokezi nesi akauliza kimetokea nini, mjomba akawahi kujibu "amekula kitu kibaya hotelini". Alikuwa anaficha aibu, namwelewa, na alikuwa anaogopa polisi. Mke wangu ndio alimvuta daktari pembeni akamwambia ukweli wote na saa ilivyokuwa. Daktari alibadilisha kila kitu pale pale, dripu, dawa, mashine. Naomba hili ulishike kuliko mengine yote humu: mwambie daktari ukweli, ni kitu gani, saa ngapi, kiasi gani unavyodhani, na kama kuna chupa au pakiti nenda nayo. Polisi mtaongea nao baadaye mgonjwa akiwa hai.

PF3 ni ile fomu ya polisi. Tuliambiwa inahitajika, mjomba akatumwa kituoni, huku matibabu yakiendelea. Nasikia kuna sehemu wanakusubirisha mpaka fomu ije, likikukuta hilo usibishane na wa mapokezi, muombe daktari wa zamu mwenyewe aje amuone mgonjwa, na mtu mwingine akimbilie kituoni kwa wakati huo huo. Mkiwa wawili ni afadhali sana. Ukiwa peke yako piga kelele mtu yeyote akusaidie, pale nje ya mlango wa dharura watu wana roho nzuri kuliko unavyofikiri.

Askari alikuja wodini kesho yake. Mtu mzima, mpole, wala hakutukana, akaandika maelezo yake. Wakati anaondoka akasema "akipata nafuu aje kituoni, hili ni kosa". Dogo alikuwa macho. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kwa hiyo askari hakuwa ametunga. Ila jiweke wewe pale kitandani, umeamka hujui kama unafurahi au unajuta kuamka, una mipira puani, na sentensi ya kwanza unayoisikia kutoka kwa serikali yako ni kwamba una kesi. Kwetu iliishia kituoni, alienda na mimi akaonywa akaambiwa arudi nyumbani. Sio wote wanaishia hapo. Na hata wanaoishia hapo, hofu yake inafanya kazi mapema zaidi, ndio hiyo iliyomfanya mjomba aseme chakula cha hotelini.

Hiyo sheria ni urithi wa mkoloni Mwingereza na wenyewe Uingereza walishaifuta kwao mwaka 1961. Ghana wamefuta 2023, Malaysia 2023. Kenya, Mahakama Kuu Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na katiba. Sisi bado.

Na hili linaharibu hata hesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu kama 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo duniani, na karibu robo tatu ya vifo vyote ni kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku tulipo sisi. Sasa jiulize za kwetu zinaandikwaje kama kila familia ina mjomba. Mtu anazikwa, cheti kinasema ghafla, matanga yanakatishwa mapema, kuna viongozi wa dini hawataki hata kusalia maiti, na mwaka ukiisha ofisini inaonekana hatuna tatizo kubwa.

Kuruhusiwa kulitujia ghafla. Daktari akasema vipimo vya figo na ini viko sawa, mnaweza kwenda. Bili ilikuwa laki tisa na ushee kwa sababu dogo hakuwa na bima, tukachanga, nikauza vitu, mama akatoa hela za kikoba. Na mimi kichwani nikawa nimeshafunga ukurasa, mgonjwa kapona. Tulipokuwa tunasubiri dawa dirishani ndio akaja nesi mmoja wa kitengo cha afya ya akili, dada mdogo tu kiumri, akatuvuta kwenye korido akatupa maneno ya kama dakika kumi hivi ambayo sijawahi kupewa ya maana kama hayo. Akasema mtu aliyewahi kujaribu ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote, na wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ndio mbaya zaidi, kwa sababu anarudi kwenye yale yale aliyotaka kuyakimbia, sasa hivi yakiwa na aibu juu yake, na nyumbani kila mtu anapumua akidhani imeisha.

Akatuuliza, nyumbani kuna nini? Tukaanza kutaja. Dawa za mama za presha, dawa za mashambani za baba stoo, na vingine. Akasema viondoke kabla huyu hajafika, sio kufichwa juu ya kabati, viondoke. Nilifikiri anazidisha, mtu akitaka si atatafuta kingine? Akanijibu kwamba lile wazo linakuja kwa mawimbi, mara nyingi wimbi kali halidumu, na mtu akikosa kitu karibu katika muda ule wengi hawaendi kutafuta kingine, wimbi linapita. Baadaye nimesoma kuhusu Sri Lanka. Miaka ya katikati ya tisini walikuwa kati ya nchi zenye vifo vingi vya kujiua duniani, wakapiga marufuku viuatilifu vile vikali zaidi, kimoja baada ya kingine, na miaka iliyofuata vifo vikashuka kwa takriban asilimia 70, huku wakulima wao wakiendelea kuvuna kama kawaida. Huku kwetu duka la pembejeo linamuuzia yeyote mwenye hela, hata mtoto aliyetumwa. Sijui kwa nini hili haliongelewi bungeni kila mwaka.

Basi baba alikasirika kidogo kuhusu stoo yake ila akavipeleka kwa jirani mwenye ghala lenye kufuli. Dawa za mama nikawa nabaki nazo mimi, namletea za siku chache. Na dawa za dogo mwenyewe alizopewa, hizo za msongo, zilikaa kwa mke wangu, anampa asubuhi na jioni. Dogo alichukia, "mnanifanya mtoto". Mke wangu akamjibu "ndio, kwa sasa, ukipona utanidai". Waliheshimiana sana kipindi kile.

Hizo dawa nazo zina mtihani wake. Zinachukua wiki kadhaa mpaka zianze kuonekana, na mwanzoni unapata yale mabaya tu, mdomo mkavu, kichefuchefu, usingizi wa ajabu. Dogo wiki ya pili akataka kuziacha, na wengi huachia hapo hapo. Rudi kliniki ukalalamike, wanaweza kubadilisha au kupunguza, usiache mwenyewe. Mama alitaka twende kwa mtu wa maombi na shangazi alitaka kwa mganga. Kwa mganga nilikataa kabisa kwa sababu angetuambia nani kamroga na tungeanza vita ya ukoo. Maombi niliyaacha yaendelee kwa sharti moja, asitokee mtu wa kumwambia aache dawa. Mchungaji alikuwa muelewa, akawa anakuja mwenyewe jioni wanakaa nje wanaongea mambo yao. Kilichoharibu ni ule mkesha ambao watu thelathini walijazana sebuleni wanakemea pepo la mauti huku dogo kakaa katikati kwenye kiti. Alikuwa hoi kwa siku mbili. Kama unataka kuombea, ombeeni, yeye akiwa kalala.

Kuuliza. Hapa ndio watu wengi wanaogopa na mimi nilikuwa mmojawapo. Tunadhani ukitaja neno kujiua unampa wazo. Yule nesi alisema uliza hivyo hivyo kwa jina lake, haumpandikizii kitu, unampunguzia mzigo wa kukibeba peke yake, na tafiti zimeonyesha hivyo. Nilikaa nalo mdomoni mpaka usiku, tupo nje tunaota moto wa jiko, nikamwambia "dogo, leo wazo la kujiua limekuja?" Kimya kirefu. Akasema "limekuja alfajiri, likapita". Nikamuuliza lilikuwa kali kiasi gani, akasema la jana lilikuwa kali zaidi. Hatukulia wala hatukukumbatiana, tukaongelea gia boksi. Ila baada ya pale akawa anasema mwenyewe bila kuulizwa, "kaka leo sio nzuri", na mimi najua siku hiyo haachwi peke yake.

Alfajiri ndio ilikuwa saa yake mbaya, kila mtu ana yake, ijue. Tukaandika kwenye karatasi, yeye mwenyewe kwa mwandiko wake, likija wazo nafanya nini kwanza, naenda kukaa wapi, nampigia nani, asipopokea nampigia nani, na mwisho kabisa hospitali gani tunaenda hata iwe saa nane usiku. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati. Mimi nililala chumba kimoja naye kipindi cha mwanzo, halafu tukapokezana na binamu.

Simu zilisaidia kuliko nilivyotegemea. Binamu yetu wa Mwanza alijipa kazi ya kumpigia, na hakuwa anaongea cha maana, ni Simba na Yanga mwanzo mwisho, matusi matupu, lakini dogo alikuwa anasubiri ile simu. Baadaye nikakuta kwamba WHO walishawahi kulipima jambo hili, walichukua wagonjwa 1,867 walioletwa hospitali baada ya kujaribu kujiua kwenye nchi tano, Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Nusu wakapata huduma ya kawaida tu, wengine wakaongezewa maongezi ya saa moja kabla ya kuruhusiwa halafu wakawa wanapigiwa simu au kutembelewa, jumla mara tisa ndani ya miezi 18. Kundi la kawaida waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 2.2, la pili asilimia 0.2. Matokeo yalichapishwa 2008. Hiyo ni huduma ya simu na nauli! Hospitali yenye nesi mmoja na simu ya kiswaswadu inaweza, na sisi tuliruhusiwa na karatasi ya tarehe ya kliniki na kama sio yule dada wa korido tusingeambiwa lolote.

Maneno ya kumwambia, sina orodha. Naweza kukwambia yaliyomuumiza, kwa sababu alinitajia: "ulitaka kumuua mama kwa presha", "mwanaume mzima", "wenzako wana shida kubwa kuliko zako", na lile la mjomba la kila siku, "mshukuru Mungu". Wanaume ndio wanakufa zaidi kwa njia hii, duniani ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, halafu tunawaamsha hospitali na hotuba ya kujikaza. Alichokipenda ni watu waliokuja wakakaa, wakala naye ugali, wakaondoka.

Hasira zitakuja na zako pia. Mke wangu siku moja alilipuka jikoni kwamba nyumba nzima inazunguka mtu mmoja, watoto wetu hawaulizwi hata wamekula nini. Alikuwa sahihi. Watoto tukawaambia kwa lugha yao kwamba baba mdogo aliumwa ugonjwa wa mawazo, ukamfanya atake kufa, sasa anatibiwa, na sio kosa la mtu yeyote. Wa miaka saba akauliza kama unaambukiza. Tukasema hapana, akaenda kucheza.

Madeni hatukuyagusa mpaka alipoanza kulala usiku. Kisha tukachukua daftari tukaandika yote, milioni moja na laki nane, ambayo yeye kichwani alikuwa anayaona kama milioni kumi. Zile apu tulizifuta, laini tukabadilisha, ndugu wote tukawatumia ujumbe mmoja kwamba mkipata meseji za kumchafua zifuteni. Yule mama wa kausha damu tulikaa naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akakubali kupokea kidogo kidogo bila riba mpya, na kwa haki yake, aliposikia kilichotokea alilia. Kubeti ilichukua muda mrefu zaidi, na alirudia katikati. Siku hizi hela yake inapita kwa mama kwanza, kwa hiari yake. Kadi ya pikipiki kashaichukua.

Kama unayesoma ndiye mwenye wazo lenyewe, nenda dirisha la dharura la hospitali yoyote ya wilaya au mkoa, saa yoyote, na usianze kuelezea kichwa kinauma au hulali, maana foleni itakula siku nzima. Sema hivi, "nina mawazo ya kujiua na naogopa kubaki peke yangu". Ukishindwa kutamka, iandike kwenye simu umuonyeshe nesi. Kabla hujatoka nyumbani mpigie mtu mmoja aje mwende wote, na kama unasita umpigie nani, mpigie yule anayekukera kwa kukuuliza uliza maswali. Na ukiwa ni ndugu unayempeleka, uliza kabla ya kuondoka: kitengo cha afya ya akili kipo jengo gani na siku gani za wiki, tukizidiwa usiku turudi mlango upi, dawa hizi azitunze nani, na kuna namba ya nesi tunayoweza kuipigia. Andika majibu, pale wodini akili inakuwa haishiki kitu.